Injini ya Leone kwenye pua ya ndege: shajara ya banda la Utange

Jumamosi, 11 Januari

Injini imelala bandani. Tuliiteremsha kutoka kwa pikapu kwa kapi tulilolifunga kwenye tawi la mwembe, vijana watatu kwenye kamba na mimi nikipiga kelele za "aria, aria, shika!" kana kwamba bado niko bandarini Kilindini. Ni EA81, ya Subaru Leone: sentimita za ujazo 1,781, silinda nne zilizolala, mbili huku na mbili kule. Gari lake lilifia uani mwa mtu Mariakani miaka mingi iliyopita, hata mwarobaini ukaota kupitia sakafu.

Ami yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi na sasa ni nahodha wa kiti cha ukindu kivulini, aliitazama kwa muda mrefu.

"Hino ndiyo ya kurusha watu?"

"Ndiyo, Ami."

"Na gari lake li wapi?"

"Lilikufa, Ami."

"Basi," akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Kwa asiyejua nilipofika: mwili wa ndege umekwisha. Ni CH 701, mchoro wa Chris Heintz, viti viwili, bawa juu, bati la alumini la 6061-T6 na ribiti nyingi kuliko siku nilizoishi. Wengi huifunga Rotax 912, injini iliyoundwa kwa ndege ndogo. Rotax mpya ni bei ya kiwanja, na kiwanja nilishanunua, ndicho hiki chenye banda. Kwa hiyo injini ya gari. Na katika za gari nimeichagua hii kwa sababu moja kuliko zote: haina mkanda wa taimingi. Kemshafti yake, ile shafti inayofungua valvu, inazungushwa na gia tumboni mwa injini, na bloki nzima ni alumini. Ndugu zake waliofuata walifungwa mikanda ya taimingi, na mkanda ukikatika barabarani unasukuma gari pembeni. Angani hakuna pembeni.

Jumapili, 19 Januari

Nimeifungua. Kiota cha panya kwenye njia ya hewa, ringi zimeganda kwenye pistoni mbili, beringi za krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, zimechoka lakini krenki yenyewe nzima. Silinda zimepima milimita 92 na nywele. Vichwa viwili vimekwenda Majengo kwa fundi wa kerezo kusagwa valvu. Gasketi zote mpya, beringi mpya, pampu ya oili mpya. Sina la kuongeza hapa. Injini kufunguliwa na kufungwa ni kazi niliyoifanya miaka 26 kwenye matagi, vile vyombo vya kuvuta meli bandarini, na hii ni ndogo kiasi cha kubebeka mapajani.

Jumamosi, 1 Februari

Kipunguza mizunguko kimefika, kile cha kukaa kati ya injini na rafadha, yaani panga za puani; ni cha mkanda mpana wa meno, uwiano wa 2.2. Jirani ameuliza kwa nini nisifunge rafadha moja kwa moja kwenye krenki nikapunguza gharama. Nilimchorea mchangani.

Rafadha yangu ina kipenyo cha mita 1.83. Injini hii nguvu zake ziko juu, kwenye mizunguko 5,200 kwa dakika. Rafadha ikizunguka kwa kasi hiyo, ncha ya panga inakimbia mita 498 kwa sekunde, na sauti yenyewe katika joto letu la digrii 30 inakwenda mita 349. Ncha iliyoipita sauti inakula nguvu yote kwa kupiga kelele. Gawanya kwa 2.2: rafadha inazunguka mara 2,364, ncha inakwenda mita 226 kwa sekunde, kila mtu ana raha. Wanaofunga injini ya Volkswagen ya kobe bila kipunguza hulazimika kutumia rafadha fupi na kuizungusha taratibu, na nguvu wanayoipata ni ya ndege nyepesi zaidi ya yangu.

Wala si akili mpya. Mwaka 1903 akina Wright walikuwa na injini ya nguvu farasi 12 aliyoiunda Charlie Taylor, fundi wao wa karakana ya baiskeli, na rafadha zao mbili zilizungushwa kwa minyororo na sproketi ili ziende polepole kuliko injini. Mnyororo wa namna ya baiskeli ndio uliosukuma ndege ya kwanza ya injini iliyobeba mtu angani akaiongoza. Ami ameipenda sana habari hii.

Faida nyingine ya kipunguza ambayo wengi hawaitaji: puli ya juu imekaa kwenye beringi zake mbili, hizo ndizo zinazobeba mvuto wa rafadha. Krenki ya gari haikuundwa kuvutwa kwenda mbele siku kutwa.

Jumapili, 9 Februari

Fremu ya kubeba injini. Nimepoteza wiki nzima kwa kubishana na fundi wa kuchomelea, kijana hodari wa Kongowea, mkono wake kwenye argoni ni kama wa mtu anayepaka siagi.

"Mzee, bomba la nini kutoka ng'ambo? Nina bomba la maji hapa, B klasi. Hili nimelifanyia bodi ya lori."

"Lori liliruka?"

"Lori halikuvunjika."

"Halikuvunjika kwa sababu lilifanywa zito. Mimi nikilifanya zito hivyo, sitanyanyuka."

Bomba nililolitaka ni 4130, chuma chenye kromu na molibdenamu, robo tatu ya inchi kwa nje, unene milimita 1.2 hivi. Kwa uzito uleule linastahimili karibu mara mbili ya chuma laini cha kawaida kabla ya kupinda. Limekuja kwa meli, likapita bandari ileile niliyoitumikia, na nililipia ushuru kama mtu mwingine yeyote. Fundi alipolipiga kwa ukucha akasikia linavyolia, akanyamaza. Kisha akasema, "Haya, niachie vipande vya kujaribu." Alichomelea vipande sita, tukavivunja kwenye jiliwa kimoja kimoja. Vinne vya mwisho vilivunjikia kwenye bomba, si kwenye mshono. Hapo ndipo nilipompa kazi.

Jumapili, 23 Februari

Fremu imekwisha, imepakwa rangi nyeupe. Nyeupe kwa makusudi: ufa kwenye rangi nyeusi huuoni, kwenye nyeupe unatoa mstari wa kutu kama wino. Injini imening'inia kwenye pua, imekaa kwenye mipira minne. Inatisha kidogo. Ndege imepata uso.

Ijumaa, 14 Machi

Ramadhani. Mchana sina nguvu ya kufikiri, kazi ni baada ya tarawehe hadi daku, na kwa kuwa sitaki petroli karibu na taa za usiku, nimefanya umeme tu.

Injini za ndege za kawaida zina magneto, kitu kinachojizalishia moto wa plagi chenyewe hata betri ikifa. Gari halina hilo. Altaneta ikikata roho, plagi zinaishi kwa betri, na betri ikiisha injini inazima ikiwa nzima kabisa. Kwa hiyo: koili mbili, moduli mbili, swichi mbili mbalimbali, betri mbili. Betri ya pili ni ndogo na haina kazi yoyote isipokuwa plagi. Taa haigusi, redio haigusi, stata haigusi. Binti yangu, aliye mwaka wa tatu wa uhandisi wa umeme, alinichekea mchoro wangu kisha akaurekebisha pale ambapo waya mmoja wa ardhi ungeziua zote mbili kwa pamoja. Ningefunga vile nilivyochora. Nimeandika hapa ili nisijisahau.

Jumapili, 23 Machi

Jaribio la petroli, saa kumi na mbili asubuhi, ndoo ya mchanga iko karibu, sigara zote ziko mbali.

Matangi yako mabawani, mafuta yanateremka yenyewe. Kanuni ya ndege za namna hii ni kwamba bomba liweze kupitisha mara moja na nusu ya kiasi ambacho injini inakunywa ikiwa na nguvu zote, pua ikiwa imeinuliwa kama wakati wa kupanda. Nguvu farasi 80 ninazozitarajia zitakunywa lita 26 kwa saa, kwa hiyo nataka 39. Maana yake lita moja ijae kwa sekunde 92 au chini yake.

Tukainua pua juu ya matofali, nikachomoa mpira kwenye kabureta, nikauweka kwenye chupa ya lita moja. Sekunde 118. Mara ya pili, 117. Ni lita 30 na nusu kwa saa: injini ingetosheka kwa shida, bila ile akiba ya nusu.

Kosa nililitafuta kwenye kichujio, nikakitoa: 115. Nikalitafuta kwenye kizibo cha tangi, kama kinapumua: kinapumua. Mwisho nikafungua kiwiko cha shaba kilichopo kwenye kiambaza cha bati kati ya injini na viti. Kwa nje ni kinene kama kidole gumba. Kwa ndani tundu lake halipiti kalamu ya Bic. Nilikinunua mwenyewe, nikakifunga mwenyewe, wala sikukichungulia. Nimeweka kiungo kilichonyooka na mpira uliopinda kwa upole: sekunde 64. Ni lita 56 kwa saa.

Na kile kiwiko, pale kilipogusana na alumini, tayari kilikuwa na unga mweupe. Miezi minne tu. Shaba, alumini na hewa ya chumvi haviachwi chumba kimoja.

Jumamosi, 5 Aprili

Imewaka.

Tumemaliza Idi, masika haijakaza, na madrasa ya jirani haina darasa Jumamosi asubuhi. Nilikubaliana na maalim tangu mwanzo: watoto wakiwa ndani, siwashi. Mkia umefungwa kwenye mwembe kwa amari ya tagi yenye unene wa mkono, magurudumu yana magogo, kijana mmoja amesimama na kizimamoto, na mtu yeyote mbele ya rafadha nimesema nitamfukuza bila kumtazama ni nani. Ami alikaa nyuma ya mstari niliouchora, kwa heshima kubwa.

Mzunguko wa nne, ikashika. Sauti ya Leone, ileile ya safari za zamani za Nyika, isipokuwa mbele yake kuna upepo.

Kisha nikaiachia ilale, mafuta kidogo kabisa, kwenye mizunguko 1,100, na mkanda ukaanza kugonga. Tak-tak-tak, kipunguza kizima kinatikisika, hata kikombe cha kahawa cha Ami kikatembea juu ya stuli. Hili nililitarajia lakini si kwa ukali huu. Silinda nne hupiga ngumi mbili kila mzunguko. Rafadha ni nzito na haitaki kubadili mwendo, mkanda na shafti ni kama springi kati yao, na ngumi zikipishana sawasawa na kucheza kwa springi ile, kila moja inamsukuma mwenzake bembea. Gari lina klachi yenye springi zake za kumeza mchezo huo. Nimeacha flaiwili, gurudumu zito la kulainisha ngumi hizo, mahali pake ingawa ina uzito, na nimepandisha mlalo hadi 1,700. Hapo inatulia, inanguruma kama paka. Chini ya 1,500 ni marufuku isipokuwa kupita tu wakati wa kuzima. Nimebandika utepe mwekundu kwenye geji.

Jumamosi, 12 Aprili

Joto. Dakika tano kwenye nusu ya nguvu na sindano ya joto la maji ikapanda bila kupumzika. Nilizima ikiwa digrii 108.

Kwenye tagi joto unalitupa baharini, na bahari haijawahi kulalamika. Nimezeeka nikiwa na rejeta kubwa kuliko zote duniani chini ya miguu yangu. Hapa nina boksi la alumini la ukubwa wa sinia.

La leo lilikuwa rahisi. Niliingiza maji lita 5 wakati mfumo unameza 6 na kitu. Injini imeinama kidogo kwenye fremu, kwa hiyo mahali pa juu si pale palipokuwa pa juu kwenye gari, na hewa imejificha huko. Nimefunga tangi dogo la maji juu kabisa, nimetoboa tundu la milimita 3 kwenye themostati ili hewa ipenye, nimejaza tena. Lita 6.3.

Jumapili, 20 Aprili

Si rahisi. Nguvu zote, mizunguko 4,900 ndege ikiwa imefungwa mahali, hewa digrii 32. Dakika ya kwanza 88. Ya pili 97. Ya tatu 105. Ya nne 112, nikazima, na mvuke ukatoka kwenye kifuniko ukilia.

Hapa ndipo gari na ndege zinapoachana. Gari likielekea Malindi kwa kilomita 80 kwa saa linatumia labda nguvu farasi 15 au 20 kati ya zote zilizomo. Zilizobaki ni za kupita lori. Ndege inaomba zote wakati wa kuruka, kisha robo tatu saa nzima baada ya saa nzima. Injini inaweza. Ni rejeta ndiyo iliyozoea maisha ya gari.

Nimeagiza rejeta kubwa zaidi. Kilo 4 zaidi, puani, pale ambapo tayari nina uzito kupita kiasi. Sijafurahi.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimesitisha oda. Haya ndiyo yaliyotokea.

Usiku niliwaza: rejeta inapoza kwa hewa inayopita ndani yake, si kwa hewa inayoisimamia mbele. Je, inapita? Nikachukua mpira wa waashi, ule wa wazi wa kupimia levo, nikaukata mara mbili, nikaupinda kila mmoja kama herufi U kwenye ubao. Maji hayaonekani kwa mbali, kwa hiyo nikatia Vimto iliyobaki ya Ramadhani. Binti amelalamika, nimemwambia ni sayansi. Mpira mmoja mdomo wake uko mbele ya rejeta, wa pili uko nyuma yake, ndani ya boneti. Ubao nikaufunga kwa waya karibu na mlango wa rubani, nikawasha, nikasukuma wenzo wa mafuta.

Mbele ya rejeta Vimto ilipanda sentimita 3.1. Vizuri, upepo upo.

Nyuma ya rejeta ilipanda sentimita 2.5.

Niliitazama hadi macho yakauma. Nyuma ilipaswa kuwa karibu na sifuri. Boneti yangu yote imejaa hewa kama puto, na tofauti iliyobaki ya kuisukuma hewa kupita kwenye mapezi ya rejeta ni milimita 6 za Vimto. Ningeweka rejeta ya basi na bado ingechemka. Hewa ina mlango wa kuingilia na haina wa kutokea.

Nimepima matundu: la kuingilia sentimita mraba 380, la kutokea 300. Na hewa ikishapita kwenye rejeta imepata moto, imevimba, inataka nafasi kubwa kuliko iliyoingilia, nami nimeipa ndogo. Tena mdomo wa tundu la kutokea nilikuwa nimeukunja kwa ndani, kwa sababu ulipendeza.

Jumapili, 4 Mei

Tundu la kutokea sasa ni sentimita mraba 620, na mdomo wake wa mbele una ulimi wa bati wa sentimita 4 uliokunjwa kwa nje, digrii 30, hadi upepo unaopita chini ya tumbo uuruke na kuacha utupu nyuma yake. Pia nimeziba kwa mpira kila mwanya kandokando ya rejeta; hewa ni mvivu kama maji, ikipata kichochoro haipandi ngazi.

Vimto: mbele 2.9, nyuma 0.8. Tofauti imekuwa sentimita 2.1 badala ya 0.6.

Nguvu zote, hewa digrii 30. Dakika ya nne 93. Ya nane 96. Ikasimama 97, na dakika ya kumi na tano bado 97. Rejeta ni ileile.

Kila digrii ya hewa inayoongezeka ni digrii ya maji. Kaskazi ya Februari, hewa ikiwa 33, nitasoma 100. Kifuniko cha presha kinaruhusu zaidi ya hapo, na angani upepo ni mwingi kuliko wa kufungwa kwenye mwembe. Lakini rejeta haitabadilishwa hadi nipime tena kaskazi ijayo.

Jumamosi, 17 Mei

Barafu.

Tangu Aprili nimekuwa nikichekwa kwa boksi la bati nililozungusha kwenye bomba la moshi, lenye mpira wa kupeleka hewa moto kwenye kabureta. "Mzee, Mombasa hii wapasha nini moto?" Leo asubuhi mvua imetoka kunyesha, hewa digrii 25, unyevu unaweza kuukamua. Niliacha injini kwenye 2,200 huku nikisikiliza mkanda. Baada ya dakika nane hivi nikaona 2,100. Sikugusa kitu. 2,000. 1,950, na mlio umekuwa mzito.

Nikanyosha mkono kwenye shingo ya kabureta: baridi kama chupa ya soda, na maji yakidondoka. Nikazima haraka, nikaondoa mpira wa hewa, nikamulika. Nyuma ya bapa la kabureta, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, pale lilipoacha ufa mwembamba, kulikuwa na utando mweupe. Nikaukwangua kwa ukucha. Nikamwita Ami, nikauweka kwenye kidole chake kabla haujayeyuka.

"Barafu?"

"Barafu, Ami."

"Utange?"

Petroli inapogeuka mvuke inanyang'anya hewa joto lake, na pale kwenye ufa hewa inatanuka na kupoa zaidi. Joto linaweza kushuka digrii 20 na zaidi. Hewa kavu haidhuru. Hewa yetu imebeba bahari. Magari mengi ya zama zile yalivuta hewa karibu na bomba la moshi, ndiyo maana dereva hakujua. Hatari yake ni unaposhuka kutua, bapa likiwa karibu kufungwa, yaani wakati ambao unaihitaji injini na hujui kama bado ipo.

Tuliwasha tena, nikasubiri hadi 2,000, nikavuta hewa moto. Ikashuka kwanza hadi 1,850, ikakohoa mara mbili ikimeza maji, kisha ikapanda yenyewe hadi 2,200. Hakuna aliyecheka boksi tena. Kijana wa kizimamoto ameniomba nimwonyeshe mwanzo.

Jumapili, 1 Juni

Mizani. Nimeazima tatu za magunia, moja chini ya kila gurudumu, ndege ikiwa sawa kwa levo. Kulia 118, kushoto 117, pua 63. Jumla kilo 298 bila mafuta.

Ni nzito. 701 iliyo nyepesi iko karibu na 263. Injini yangu na kipunguza, rejeta na maji yake ni kilo 104. Rotax ingekuwa theluthi moja chini ya hapo. Nilijua, lakini kujua na kuona kwenye mizani ni mambo mawili. Kikomo cha ndege nzima ni kilo 500. Zinabaki 202: watu wawili wa kilo 75, na 52 za petroli, ambazo ni kama lita 72. Bado ni safari ya kutosha. Mgeni mnene atabaki chini na Ami.

Kitovu cha uzito kilikuwa mbele mno. Betri kubwa, kilo 9, nimeihamisha kutoka kwenye kiambaza hadi nyuma, mita 2.9. Tisa mara 2.9 ni 26, gawanya kwa 298: kitovu kimerudi karibu sentimita 9, na sasa kiko ndani ya mipaka ya mchoro. Sikuongeza hata gramu ya risasi mkiani. Waya mnene wa betri umeongeza kilo 1.4, hiyo nimeimeza.

Alhamisi, 5 Juni

Kusi imeingia na upepo wake. Makaratasi ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, mezani. Bila usajili na kibali chao hakuna gurudumu litakaloondoka ardhini. Nimeambatisha picha za mshono wa fremu na karatasi ya mizani.

Jumamosi, 14 Juni

Saa moja mfululizo.

Mvuto kwanza: tuliweka mizani ya kuning'inia ya wachuuzi wa papa kati ya mkia na mwembe. Kilo 178 kwa nguvu zote. Mwembe umedondosha embe changa tatu.

Kisha dakika kumi za nguvu zote pua ikiwa juu ya matofali, kisha dakika hamsini kwenye mizunguko 4,400. Hewa 28. Maji 91, oili 98, haikusogea. Petroli lita 18 kwa saa kwenye hizo 4,400. Nilizima swichi ya moto ya kwanza: ikashuka mizunguko 60. Nikarudisha, nikazima ya pili: 50. Nikazima altaneta dakika ishirini, ikaendelea kwa betri ndogo kama haikuambiwa.

Ilipopoa nikamwaga oili, nikakata kichujio kwa msumeno na kulikunjua karatasi lake lote juu ya gazeti, juani. Nimelipitisha sumaku mara tatu. Nywele mbili za chuma, fupi kuliko kope, ambazo nadhani ni za ringi mpya, na kipande cha gundi ya gasketi niliyopaka kwa wingi kupita kiasi. Nimezihifadhi kwenye kibati cha tembe na tarehe yake.

Mkanda umelegea milimita 2. Nimeukaza, nimefunga waya nati zote, na nimeandika saa kwenye ukuta wa banda kwa chaki: 9.4. Nataka 25 kabla ya kung'oa mabawa na kutafuta trela.